Wasichana 28, Mpira Mmoja

Nilipokuwa kidato cha pili huko Kakamega, mazoezi yetu ya voliboli yalikuwa hivi: wasichana 28 kwenye foleni, mwalimu mbele ameshika mpira. Anakurushia, unaupokea, unarudi nyuma ya foleni. Kengele ya jioni ikilia nimeugusa mara nane, pengine tisa. Warefu waliitwa pembeni kufundishwa kupiga smashi. Mimi mfupi nilibaki kuukimbilia mpira ulipotoka nje. Mwalimu alitupenda, wala sina kinyongo naye, alitufundisha alivyofundishwa.

Sasa binti yangu ana miaka 13 na anachezea klabu ya mtaani hapa Ujerumani. Siku ya kwanza sikuona wavu. Kocha alikuwa amefunga utepe mwekundu na mweupe, ule wa mafundi wa barabara, ukakata ukumbi kwa urefu kutoka ukuta hadi ukuta. Chini yake viwanja vidogo vidogo, watoto wawili kwa wawili. Nilianza kuhesabu mara anazougusa mpira. Nilipofika 60, hata robo saa haijaisha, nikaacha.

Ndivyo wanavyolelewa huku. Wanaanza wawili kwa wawili, kisha watatu, kisha wanne. Timu ya watu sita huja baadaye. Wavu nao hushushwa chini ya mita 2.24 za wanawake, ukapanda kadiri mtoto anavyokua. Mkiwa wawili hakuna pa kujificha: utapokea, utamtengea mwenzako, utakimbia kupiga. Ukikosea, kocha hafoki. Anauliza, "Mwenzako alikuwa amesimama wapi?" Mtoto anawaza, anajibu, mchezo unaendelea. Swali hilo limenigusa kuliko ukumbi wao na vifaa vyake vyote, maana sikumbuki kuulizwa lolote uwanjani.

Asiseme mtu kwamba nyumbani hatuujui mchezo huu. Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wamecheza Olimpiki za Sydney, Athens, Tokyo na Paris, na mwaka 2023 wakatwaa tena ubingwa wa Afrika. Tena kuna jambo la kwetu ambalo huku silioni: Jumamosi, bila kocha wala ratiba, vijana hufunga wavu kati ya miti miwili wakacheza hadi giza, wadogo wakijifunza kwa wakubwa. Binti yangu hucheza siku mbili kwa wiki. Saa ikitimia, taa zinazimwa.

Walimu wa michezo, nawaomba jambo moja. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9. Fungeni kamba kwa urefu, na nguzo moja katikati ili isilegee, kisha mgawe vipande sita vya mita tatu. Hapo watacheza watoto 24 kwa pamoja. Mipira ni shida, najua. Kwa anayeanza, hata ule mwepesi wa plastiki wa dukani unafaa. Jaribuni muhula huu, na mwanze na yule msichana mfupi aliye mwisho wa foleni.