Kifaa Kilichonyamaza



Katika parokia moja wilayani Muleba kuna kifaa cha GPS cha mkononi, cha zamani, kile kinachozungumza na kompyuta kwa waya wa siriali. Ndani yake zilihifadhiwa alama za mipaka ya viwanja vya vigango, kila jiwe na kila mulamula. Mzee aliyeonyesha mipaka hiyo ameshafariki, na jirani mmoja alikwisha kupanda migomba ndani ya kiwanja. Kifaa kiliwaka na kupata setilaiti, lakini kompyuta haikupokea kitu. Fundi mmoja wa Bukoba mjini alisema kimekufa.

Kabla ya seminari nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya fundi simu, na neno hilo silipokei haraka. Kifaa kinachoonyesha namba zake hakijafa, kimenyamaza tu. Zakaria naye alinyamaza, akaomba kibao cha kuandikia. Kwa hiyo tulianza na daftari kabla ya bisibisi: katekista alisoma alama kwenye skrini, nami nikaandika, jioni mbili nzima.

“Haya Frateri, sasa kifungue,” akasema.

Nilianza upande wa kompyuta. Niliunganisha pini ya 2 na ya 3 za waya kwa kipande cha nyaya, nikaandika herufi. Zilirudi, basi kompyuta na waya ni wazima. Kisha nikapima kwa mita pini ya kifaa inayotoa taarifa. Njia ya siriali ikiwa kimya hukaa kwenye volti hasi, kati ya -3 na -15. Yetu ilikuwa 0. (Kiwango hicho kilitolewa mwaka 1960, mwaka uleule Laurean Rugambwa wa kwetu alipofanywa kardinali, na bado kinatumika.)

Ndani, chipu ya siriali ilipata volti 3.3 kwenye pini ya 16, sawasawa. Lakini chipu hiyo hupandisha umeme yenyewe kwa msaada wa kapasita ndogo: pini ya 2 ilipaswa kuwa na kama +5.5, na ya 6 kama -5.5. Zote hazikuwa na kitu, na chipu ilichoma kidole. Kapasita ikipiga shoti huleta dalili hizohizo, kwa hiyo nilizipima kwanza. Zilikuwa nzima.

Chipu nyingine niliitoa kwenye bodi ya king'amuzi kibovu. Hapa mafundi wengi hunaswa: 232 na 3232 zina miguu inayolingana, ila 232 hutaka volti 5 na kwenye 3.3 haifanyi kazi ipasavyo. Nilitafuta 3232, nikailehemu kwa mashine ya hewa moto ya kuazima. Mita ikasoma -5.4.

Alama zote zilishuka kwenye kompyuta. Ramani ikachapwa, na jirani akatembea mpaka pamoja nasi, jiwe kwa jiwe. Migomba yake itabaki hadi avune mikungu iliyopo. Paroko ndiye aliyependekeza hivyo.