Deni Lisilo la Goti

Maumivu ya goti kwa mwendesha baiskeli hayaji kwa kishindo. Huanza kama joto dogo chini ya pia ya goti, mara nyingi ukiwa umeshauacha mji nyuma na miguu imeshakolea. Ukisimama, yanatulia. Usiku unayasahau. Kesho yake unaposhuka ngazi ndipo goti linapokukumbusha, na mkono unatafuta ukuta. Ukipumzika yanakwisha, unarudi barabarani kwa furaha, na baada ya muda yapo tena, palepale. Hayo yanayorudi ndiyo ninayotaka kuyazungumzia, maana nimeishi nayo miaka mingi na yamenifundisha mambo ambayo sikuyapata darasani, ingawa kazi yangu ni ya darasani.

Naishi Mwanza, mji wa mawe na vilima. Nikitoka mjini kwenda Kisesa kwa barabara ya Musoma, napita Nyakato na Igoma, na kurudi jua likiwa limeelekea ziwani ni raha ambayo siwezi kuiacha hivi hivi. Lakini raha hiyo ina hesabu yake. Mtu anayenyonga mizunguko 80 kwa dakika anakunja kila goti mara 4,800 kwa saa moja. Kasoro ndogo ya mkao, ambayo anayekwenda dukani kwa miguu asingeihisi kamwe, kwenye baiskeli inarudiwa maelfu ya mara mpaka inakuwa jeraha.

Na goti lenyewe halina uhuru mkubwa. Nyonga inazunguka huku na huku, kifundo cha mguu kinapinda na kujirekebisha, lakini goti kazi yake hasa ni kukunja na kukunjua. Likisukumwa upande, halina pa kwenda. Misuli ya nyonga ikichoka, paja linaanguka ndani na goti linavutwa nalo. Unyayo ukikaa vibaya juu ya pedali, goti linapindishwa. Siti ikiwa chini mno, pia ya goti inakandamizwa kwenye mfupa wa paja kila unaposukuma, na maumivu yanakaa mbele. Ikiwa juu mno, mguu unavutwa kupita kiasi na maumivu yanahamia nyuma ya goti. Kwa hiyo mara nyingi goti linalipa deni ambalo halikukopa. Waliokopa wako juu yake na chini yake, nao hawaumwi.

Jambo hili alinionyesha fundi baiskeli, mzee mmoja mwenye kibanda chini ya mwarobaini. Nilimpelekea baiskeli kwa ajili ya breki, akaniona ninavyotembea. Hakuniuliza kitu kuhusu goti. Aliniambia nikae kwenye siti, niegemee mti, nishushe pedali mpaka chini kabisa na niikanyage kwa kisigino. Akachuchumaa nyuma yangu na kutazama kimya.

"Mwalimu, goti bado limekunjika. Ukikanyaga kwa kisigino mguu unatakiwa unyooke. Siti imeshuka."

Nikamwambia siti hiyo ilipimwa vizuri tangu mwanzo.

"Ilipimwa, sikatai. Imeshuka yenyewe."

Akanionyesha bomba la siti. Juu kidogo ya mdomo wa fremu, chuma kilikuwa na mikwaruzo myembamba inayong'aa, mmoja juu ya mwingine, alama za bomba kuzama kidogo kidogo kila gurudumu lilipoingia shimoni. Bolti ya kibano ilikuwa imelika meno. Jicho langu halikuweza kuona siti ikishuka, kwa sababu kati ya leo na jana hakuna tofauti. Goti liliona. Akabadilisha bolti, akafuta grisi, akapandisha siti karibu vidole viwili, kisha akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari kuzunguka bomba pale linapoingia kwenye fremu.

"Mstari huu ukizama, njoo kwangu kwanza kabla ya kwenda kununua vidonge."

Alikuwa na haki ya kuvitaja vidonge. Diklofenaki imekuwa kama pipi mitaani kwetu. Mtu anameza asubuhi ili aweze kufanya kazi, jioni anameza tena ili alale, na miezi inapita. Dawa hiyo ina kazi yake na daktari akiiandika ina maana. Ikitumiwa kila siku bila usimamizi inachimba vidonda vya tumbo na kuziumiza figo, na wakati huo wote siti iko palepale chini.

Nilipanda baiskeli ile kwa amani muda mrefu. Kisha maumivu yakarudi. Nikainama kuangalia mstari mwekundu: haukuwa umezama hata unywele.

Hapo ndipo palipo na somo kubwa zaidi kuliko lile la kwanza. Kitu kikirudi mahali palepale tunadhani ni kilekile, tunachukua dawa ileile, na isipofanya kazi tunasema ugonjwa umekuwa sugu. Lakini goti halina maneno mengi. Lina lugha moja tu ya kusemea matatizo kumi. Safari hii mtaalamu wa tiba ya viungo alinisimamisha kwa mguu mmoja mbele ya kioo na kunitaka nikunje goti polepole. Goti la kulia likaelekea ndani, upande wa la kushoto. Misuli ya ubavuni mwa nyonga ilikuwa dhaifu. Akanipa mazoezi ambayo hayana sifa yoyote: kulala ubavu na kuinua mguu ulionyooka, kuchuchumaa nusu mgongo ukiwa ukutani, kushuka kigoda kwa mguu mmoja taratibu sana. Akaniuliza pia ni miezi gani maumivu hupenda kuja. Tulipohesabu pamoja ikaonekana ni baada ya masika, barabara zinapokauka na wote tunatoka kwenda mbali kwa pamoja, miguu ikiwa haijazoea tena. Mwili unakubali mzigo mkubwa ajabu, ila unataka kupandishiwa ngazi kwa ngazi.

Tumelelewa kusifu uvumilivu. Mvumilivu hula mbivu, na ni kweli, kwa mlima, kwa upepo wa mbele, kwa kiu ya kilomita za mwisho. Maumivu yanayorudi ni jambo la namna nyingine. Bernard Hinault wa Ufaransa, mmoja wa waendesha baiskeli wagumu kuliko wote waliopata kutokea, aliyaacha mashindano ya Tour de France mwaka 1980, usiku, katika mji wa Pau, akiwa amevaa jezi ya njano ya kiongozi, kwa sababu ya goti. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo alishinda ubingwa wa dunia huko Sallanches, kwenye njia ya milima. Mwaka 1983 goti likamsumbua tena, akafanyiwa upasuaji na kuikosa Tour. Mwaka 1985 akashinda Tour yake ya tano. Nikimfikiria, ushindi wake haunigusi kama usiku ule wa Pau. Kuvua jezi ile kunahitaji moyo ambao wengi wetu hatuna hata kwa safari ya Jumamosi.

Tangu siku ya kioo naliangalia darasa langu kwa namna nyingine. Tulikuwa na binti aliyelala mezani kipindi cha kwanza, na kila mwalimu alikuwa ameshamwadhibu. Ilijulikana baadaye kuwa bibi yake ni mgonjwa na yeye ndiye anayekesha naye. Jirani mmoja akakubali kupokezana usiku, binti akachangamka. Muhula uliofuata akaanza kulala tena, na ofisini watu wakasema tabia imemrudia. Bibi alikuwa amepona. Safari hii binti alikuwa haoni ubao, kichwa kinamuuma, anafumba macho ili apumzike. Miwani ikamaliza kazi. Nalieleza hili kwa uzito, kwa sababu najua ni watoto wangapi wanaadhibiwa kwa madeni yasiyo yao, na mara ya pili wanaadhibiwa zaidi kwa kuwa tu ni mara ya pili.

Nikirudi kwenye goti lenyewe, si kila goti ni la kuchunguzwa kibandani kwa fundi. Likivimba, likikwama, likilegea ghafla ukiwa umesimama, au likiwa jekundu na la moto huku una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku hizi napanda na kijana mmoja anayeleta maziwa mjini kutoka upande wa Kisesa, madumu mawili nyuma ya baiskeli ya Phoenix isiyo na gia. Siti yake ilikuwa chini kabisa ili nyayo zote mbili ziguse ardhi anaposimama, maana madumu yakiyumba baiskeli inakwenda chini na maziwa ya watu yanamwagika. Hofu hiyo ni ya haki, na alikuwa akiilipia kwa magoti kila asubuhi. Sikumwambia apandishe siti mpaka kipimo cha vitabuni. Tulipandisha nusu kidole, akajifunza kusimama kwa kushuka mbele ya siti na kuweka mguu mmoja chini, akizoea tunaongeza nusu nyingine. Juzi kanisimamisha Igoma. "Mwalimu, magoti yamepungua, ila sasa kiuno kinanisumbua nikipanda mlima." Tumekubaliana kukutana Jumamosi mapema kabla hajapakia, nione anavyoyafunga hayo madumu.