Namba ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ana miaka 9, na figo zake zimegoma. Watu huuliza habari za mashine. Mimi naiogopa miguu yake, imeanza matege.

Shingoni mwetu, msomaji, mna tezi nne, kila moja kama punje ya mchele. Figo zikishindwa, fosfeti hujaa damuni, kalisiamu hushuka, nazo tezi humwaga homoni ya paratiroidi, inayokwenda kukopa kalisiamu mifupani. Mifupa ya mtoto anayekua, jamani!

Kipimo chenyewe kina vituko: damu ikichelewa kwenye joto, namba hushuka, maabara mbili, majibu mawili. Ndiyo maana tunang'ang'ania maabara ileile.

Mwezi huu namba imepanda tena. Dogo kauliza tu kama atanizidi urefu. Nikamsogezea vidonge vyake; humezwa pamoja na chakula.