Theluji ya Verviers na Barabara ya Jua

Wamama wapenzi, tangu nirudi kutoka Ubelgiji swali mnaloniuliza kila mkutano ni moja: theluji inafanana na nini? Nimejibu mara nyingi kwamba inafanana na unga wa muhogo uliomwagika usiku mzima bila mtu kusikia. Mnacheka, nami ninacheka, lakini hilo ni nusu ya jibu. Theluji sikuiona kwenye dirisha tu. Niliiona nikiwa nimeketi kando ya dada yangu mkubwa ndani ya gari lake dogo, saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, akienda kazini. Leo nataka kuwaandikia juu ya barabara ile, na juu ya barabara ingine tuliyoipanga usiku mezani kwake, barabara ya kwenda kutafuta jua. Wengi wetu tuna mtoto, dada ao shemeji Ulaya, na tunawafahamu kwa picha wanazotutumia tu.

Dada yangu anakaa Verviers, mji wa zamani wa viwanda vya sufu, mashariki ya Liège, kwenye mto Vesdre. Nyumba zimepandana juu ya vilima, kwa hiyo mtu wa Bukavu hapotei sana. Yeye anatunza wazee katika nyumba yao, upande wa Malmedy. Kati ya nyumbani kwake na kazini kuna nchi ya juu, yenye maji na majani na miti ya baridi, wanayoiita Hautes Fagnes. Hapo ndipo penye mahali pa juu kuliko pote Ubelgiji, Botrange, mita 694.

Wanafunzi wangu walinishika hapo. «Madamu, sisi Bukavu tuko juu zaidi, mbona hatuna theluji?» Ni kweli, maji ya ziwa letu Kivu yenyewe yako karibu mita 1,460 juu ya bahari. Lakini sisi tuko karibu na ikweta, jua linatupiga wima mwaka mzima. Kwetu kupata theluji ni lazima kupanda mpaka kwenye vichwa vya Ruwenzori, mita 5,109. Kule Ubelgiji, mwezi wa kumi na mbili, jua linatembea chini sana. Linachomoza karibu saa tatu ya asubuhi, na mbele ya saa kumi na moja ya jioni limekwisha kulala. Dada alikuwa anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Jua la siku nzima aliliona kupitia madirisha ya wazee wake.

Asubuhi ya kwanza niliomba kumsindikiza. Nilifikiri tutaingia garini na kwenda. Tulikaa nje robo saa nzima. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa na barafu, anaikwaruza kwa kipande cha plastiki. Akapangusa theluji juu ya paa la gari pia, sababu ukiiacha itakuangukia kwenye kioo ukikanyaga freni. Taa, akapangusa. Ndani ya buti alikuwa na chepeo ndogo, blanketi, maji, taa ya mkono. Nikamuuliza kama tunahama. Akasema kuna siku malori yanakwama juu kule, na mtu anaweza kulala barabarani.

Kisha akanionyesha mipira ya gari. Huko watu wana mipira ya namna mbili, ya wakati wa joto na ya wakati wa baridi. Chini ya digrii 7 mpira wa kawaida unakuwa mgumu kama kiatu cha zamani, haushiki tena. Ule wa baridi umetengenezwa ubaki laini, na una mikato midogo mingi inayouma theluji. Pembeni umechorwa mlima na chembe ya theluji ndani yake. Sheria ya Ubelgiji haimlazimishi mtu kuiweka, lakini ukivuka kwenda Ujerumani ao Luxembourg barabara ikiwa na theluji, polisi anakupiga amande. Mipira minne si feza ndogo. Dada aliinunua kwa kulipa kidogo kidogo miezi mine, na alituficha.

Namna ya kuendesha ilinishangaza, sababu niliitambua. Ni kama madereva wetu kwenye matope ya Walungu wakati wa mvua. Unaondoka kwa vitesi ya pili, polepole, ili magurudumu yasizunguke bure. Unaacha nafasi kubwa mbele yako. Hukanyagi freni kwa nguvu, hugeuzi usukani kwa hasira. Kila kitu kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Tofauti ni kwamba matope unayaona. Barafu nyembamba hauioni. Barabara inaonekana kama imelowa tu, nyeusi, safi, kumbe ni kioo. Usiku magari makubwa yanapita kumwaga chumvi ili barafu iyeyuke, lakini hayawezi kuwa kila mahali kwa saa moja.

Siku ya tatu tuliipata barafu hiyo. Tulikuwa tumekwisha kupita pa juu, tunashuka, na mbele kulikuwa na daraja. Daraja huganda mbele ya barabara, sababu upepo baridi unapita juu yake na chini yake. Dada alilijua hilo, alikuwa amekwisha kupunguza mwendo. Hata hivyo sehemu ya nyuma ya gari ilianza kwenda peke yake. Niliita jina la mama yetu kwa sauti. Yeye hakusema kitu. Aliinua mguu, hakugusa freni, akatazama kule alikotaka gari liende, si kule lilikokuwa linaenda, na akarudisha usukani taratibu. Gari liliteleza, likanyooka, likasimama karibu na chuma cha pembeni. Ningenyoosha mkono ningekigusa. Akaketi kimya, mikono yake inatetemeka juu ya usukani. Kisha akasema, «Twende, wazee wanangoja dawa.»

Tulifika kwenye parkingi ya kazi. Mbele ya kushuka akasema bila kunitazama: «Ujumbe wako wa mwaka jana niliusomea hapa.»

Wamama, lazima niwaelezee ujumbe huo. Mwaka uliotangulia, mwezi wa nane, dada alitutumia picha. Yeye na watoto wake wawili kwenye bahari, Hispania, wamevaa kofia, wanakula matunda. Picha hiyo ilileta maneno nyumbani. Mtoto wa kaka yetu alikuwa amefukuzwa kwenye masomo juu ya minervali. Kila mtu alisema neno lake, lakini neno la kuandika nililiandika mimi, mwalimu, mwenye diploma ya pedagojia. Niliandika: «Yaya, tunaona jua la huko ni tamu kuliko minervali ya hapa.» Hakujibu. Mwisho wa mwezi feza zilifika kama kawaida, minervali ikalipwa, na mimi nikasahau. Yeye hakusahau. Aliisoma saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, kisha akaingia kuosha wazee kumi mbele ya chakula cha asubuhi.

Sikupata la kusema. Siku ile nzima nilizunguka Verviers na watoto nikitafuta maneno. Kesho yake nikaamka saa kumi ya usiku ili nimtayarishie gari. Nikachemsha maji sufuria nzima, nikatoka nje, na nilipokuwa nimeinua sufuria juu ya kioo nikasikia dirisha la juu linafunguka na dada anapiga kelele kwa Kiswahili mtaa mzima uamke: «Weye! Utapasua kioo!» Maji ya moto juu ya kioo kilichoganda yanaweza kukipasua kweli. Alishuka na kanzu ya usiku na viatu vikubwa, akanikuta na sufuria yangu, tukacheka mpaka tukaegemea gari. Nafikiri ndipo nilipoomba msamaha, ingawa neno lenyewe sikumbuki kama lilitoka.

Jioni yake akatoa daftari. Lilikuwa na safu mbili. Ya kwanza juu yake ameandika BUKAVU, ya pili JUA. Safu ya Bukavu ilikuwa ndefu: minervali, dawa za mama, bati za nyumba ya kaka, matanga ya shangazi. Ya Jua ilikuwa na mistari michache, kiasi kidogo kila mwezi, na chini yake «feza ya likizo». Sheria ya Ubelgiji inampa mfanyakazi malipo ya ziada kwa ajili ya mapumziko yake, huku mwezi wa tano ao wa sita. Hiyo inalipa nyumba ya kukodi, ile anayoweka kidogo kidogo inalipa esansi na peaji. Akaniambia, «Nikijua tarehe ya jua, ninaweza kushika usukani mpaka mwezi wa tatu.»

Basi tukapanga. Mimi mwenyewe nilikuwa na aibu kidogo ya kuchekesha: mtu wa Bukavu anakaa mezani kupanga namna ya kulipa ili akalishwe kwenye jua! Lakini nilikuwa nimekwisha kukaa siku tano bila kuliona, na shingo yangu ilikuwa imeanza kuelewa.

Mwaka huu hawataki kufika Hispania. Watasimama Argelès-sur-Mer, upande wa Ufaransa, pale milima ya Pyrenees inapofika kwenye bahari ya Mediterania. Safari inapita kilomita elfu moja. Dada ndiye dereva peke yake, kwa hiyo siku mbili, na kulala karibu na Beaune. Kijana wake wa miaka 15 alikuwa na ramani, anasoma kama katekista: Luxembourg, hapo tunajaza tangi sababu esansi ni bei nzuri kuliko kwa majirani, Metz, Nancy, Dijon, Beaune, Lyon. Kutoka Lyon unashuka na mto Rhône kwa barabara ambayo Wafaransa wenyewe wanaiita Barabara ya Jua. Nilifikiri mtoto ananidanganya. Jina ni la kweli, inafika mpaka Marseille. Wao wataiacha Orange na kugeuka kuume, Nîmes, Montpellier, Narbonne, Perpignan.

Siku ya kuondoka ndiyo iliyotuchukua muda. Ufaransa kuna huduma ya serikali inayoitwa Bison Futé, tangu 1976. Inatangaza mbele ya wakati siku gani barabara zitajaa, kwa rangi: kijani, machungwa, nyekundu, nyeusi. Siku za posho za mwisho wa mwezi wa saba na mwanzo wa mwezi wa nane ndizo mbaya, wa kaskazini wanashuka na wengine wanapanda, watoto wanalia katikati. Mwaka ule wa picha dada aliondoka siku ya posho. Walikaa saa tatu mbele ya tunel ya Fourvière, Lyon, digrii 34, maji yamekwisha. Hilo halikuwa kwenye picha. Safari hii wataondoka siku ya pili ya juma, na Lyon wataipita mapema asubuhi.

Nikaandika kwenye daftari lake, kwa mwandiko wangu wa ubao, mambo ambayo alikuwa anayasema huku anaosha vyombo. Mipira ya baridi itolewe Pasaka, sababu kwenye joto inalika upesi na gari linachelewa kusimama. Upepo wa mipira upimwe asubuhi ikiwa ingali baridi, na uongezwe sababu mizigo ni mingi. Gilè ya kung'aa na pembetatu ziwe garini, Ufaransa inazidai. Msichana mdogo hajafika sentimeta 135, kiti chake kisisahauliwe. Kila saa mbili, kusimama. Kando ya zile barabara kuna mahali pa kupumzika penye miti, meza na choo bila kulipa, kwa hiyo chakula kitatoka nyumbani: wali, sombe, na sambaza kavu nilizomletea ndani ya sanduku langu na ambazo zilinukisha nguo zangu zote. Mtoto asiachwe garini hata dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Hili nililipigia mistari miwili.

Nilirudi Bukavu mwanzo wa mwezi wa kwanza. Theluji ilikuwa ingali pale. Mpaka mwezi wa tatu, kila asubuhi nilipoamka na kusikia mvua juu ya bati, nilihesabu: sasa anakwaruza kioo, sasa amefika kwenye daraja. Ananiandikia «Nimefika» akiingia parkingi, na mimi ninamjibu.

Mwezi wa saba picha ikaja. Si ya bahari. Ni kijana wake kwenye meza ya simenti chini ya miti, karibu na Montélimar, ana sahani ya sombe mkononi, jua limemfunga macho. Nilimpelekea mama yetu simu mbele ya kaka hawajaiona. Aliishika mbali, kama wazee wanavyofanya, akaitazama kwa muda mrefu. Nikangoja neno.

«Ile mipira ya theluji,» akasema, «walikwisha kuitoa?»

Nikapiga simu kuuliza. Walikwisha, tangu Pasaka.