Kanopi na Keria kwa Barabara ya Zombo

Nilianza kazi ya ubwana mifugo wilayani Kilosa enzi ambazo mfugaji akitaka kuniita alimpa kondakta wa basi kikaratasi. Katika vifaa vyote nilivyowahi kukabidhiwa, sindano ikiwemo, kilichookoa mifugo mingi zaidi naamini ni kanopi ya pikapu.

Njia yangu ilikuwa Mikumi, Zombo, Ulaya hadi Kilosa mjini, pengine nikipitiliza Kimamba mpaka Twatwatwa kwa wafugaji wa Kiparakuyo. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Nyuma nilibeba dawa za kuogeshea, kamba za kulazia ng'ombe na, juu ya yote, chanjo. Chanjo nyingi hutaka nyuzi joto 2 hadi 8. Ile ya mdondo wa kuku iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko wenzake, ndiyo maana imefika vijijini, lakini nayo ukiiacha juani imekufa.

Gari langu la kwanza lilifungwa turubai. Mvua ilizuilika, vumbi halikuzuilika. Wengi hudhani vumbi huingilia mbele. Gari likiwa mwendoni, nyuma yake hewa hupungua nguvu, na vumbi lililotimuliwa na magurudumu hunyonywa kuingia kwenye bodi kwa kila upenyo wa mlango wa nyuma. Unafika Zombo, akina mama wamekusubiri na kuku wao wamefungwa miguu, unafunua boksi la chanjo na unga mwekundu unamwagikia vichupa.

Ofisi ilipokubali kutengeneza kanopi, nilikwenda mwenyewe kwa fundi Morogoro. Faibaglasi ni nyepesi na inapendeza, ila kwa mtikisiko wa njia ile hupata nyufa kwenye kona. Alumini ni nzuri sana, lakini ikikatika huko kijijini humpati wa kuichomelea. Nikachagua bati la chuma kwenye fremu ya mabomba, zito kidogo, kwa kuwa fundi wa kuchomelea chuma yupo Mikumi na yupo Kilosa. Nikaagiza mpira mzima kuzunguka mlango wa nyuma, na juu ya paa kidirisha chenye kifuniko kinachofungukia mbele. Hewa ikiingilia hapo kwa kasi hujaza kanopi, ikasukuma vumbi nje badala ya kulinyonya ndani. Kidirisha hicho hakimalizi hata kipande kimoja cha bati.

Tulichovutana na fundi ni keria ya kubebea mizigo juu ya paa.

“Mzee, nikuunganishie moja kwa moja, kuanzia juu ya kabini mpaka mwisho wa bodi. Itapendeza.”

“Fundi, pandisha kwanza gurudumu moja juu ya jiwe.”

Akapandisha, akashuka kutazama. Ule mwanya kati ya kabini na bodi, ambao gari likiwa sawa ulikuwa sambamba juu hadi chini, ulikuwa umepanuka upande mmoja na kubana upande wa pili. Kabini imefungwa kwenye chasisi kwa bolti zake, bodi kwa zake, na korongoni chasisi hujinyonga. Ukizishika zote mbili kwa keria moja, ama mchomeleo utakatika ama paa la kabini litapasuka. Alinyamaza, akachukua chaki, akachora upya: keria ya bodi peke yake, miguu yake ikishuka kwenye fremu mpaka ukingo wa bodi, bila kukanyaga bati.

Juu niliruhusu matenga matupu, magodoro na kamba. Maji hapana: dumu la lita 20 ni kilo 20, na uzito ukipanda juu gari hulala kwenye kona. Mizigo mizito ilikaa chini, karibu na kabini.

Mto Mkondoa ulipofurika Januari 2010 na watu wa Kilosa wakahamia kwenye mahema, kanopi ile ilikuwa stoo yangu mchana na usiku kitanda changu.

Nawaomba wanaoidhinisha magari ya ugani: kabla hamjamlipa fundi, muulizeni dereva anabeba nini na anapita wapi, kisha muandike majibu yake kwenye oda.