Sinia la Baba

Tunapoulizwa utamaduni wa taifa ni nini, aghalabu sisi tuliozoea kutunga mashairi hukimbilia kutaja ngoma, mavazi, tenzi na methali. Majibu hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Utamaduni ni pia namna watu wanavyokaa pamoja nyumbani, wanavyovitunza vyombo vyao, na wanavyowafundisha watoto wao kuvitumia. Katika makala hii tungependa kueleza habari za vyombo viwili vilivyopita katika nyumba yetu ya Magomeni, jijini Dar es Salaam: baiskeli ya marehemu baba yetu, na kompyuta yetu ya kwanza. Tutaeleza pia kosa tulilomtendea binti yetu kwa ajili ya hicho chombo cha pili, kwa kuwa twaona kosa lenyewe si letu peke yetu.

Baba alikuwa karani wa ghala huko Gerezani. Baiskeli yake ilikuwa Phoenix nyeusi iliyotengenezwa Shanghai, yenye magurudumu ya inchi 28, karia ya chuma nyuma, na dinamo iliyoegemea tairi. Kila alfajiri aliitoa uani akaifuta umande, kisha akashika Barabara ya Morogoro, akateremka bonde la Msimbazi pale Jangwani, akapanda upande wa pili kuingia mjini. Jioni tuliijua kengele yake kabla hajakata kona. Karia ile ndiyo iliyoleta unga kutoka duka la ushirika, ndiyo iliyombeba mdogo wetu kwenda zahanati alipopandwa na homa usiku, na ndiyo iliyompeleka mama msibani mabasi yalipokosekana. Kwa hiyo tukisema baiskeli ilikuwa mmoja wa watu wa nyumba ile, hatutii chumvi.

Mwaka 1981 ulikuwa mwaka wa dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, fedha za kigeni zilikuwa haba, na bidhaa ndogo kama sabuni zilipangiwa foleni. Tairi la baiskeli lilitafutwa kama dawa. Katika mwaka huo, nasi tukiwa na umri wa miaka kumi, siku moja baba alikwenda mazishini kwa miguu pamoja na wenzake, akaiacha baiskeli uani. Tulitaka kujua ni kitu gani kinachofanya gurudumu la nyuma lizunguke kwa wepesi hivyo. Tukachukua spana, tukafungua.

Wanafunzi wanaosoma makala hii huenda hawajapata kuona yaliyomo mle. Katikati ya gurudumu mna kikombe cha chuma kila upande, na ndani ya kila kikombe cha gurudumu la nyuma mna gololi 9 zilizozama katika grisi. Gololi hizo ndizo zinazobeba uzito na kuzuia chuma kisisagane na chuma. Sisi hatukuyajua hayo. Tulipovuta mhimili, gololi zilidondoka mchangani, na kila tulipopapasa ndipo tulipozidi kuzifukia. Hadi magharibi tulikuwa tumepata 15 kati ya 18.

Baba aliporudi alisimama akatazama. Tulijua fimbo ilipo, tukaingoja. Hakuifuata. Aliingia ndani, akatoka na sinia la bati ambalo mama alilitumia kuchambulia mchele, akatandika juu yake kitambaa cheupe. Akasema: “Kufungua si kosa. Kosa ni kufungua bila sinia.” Kisha akatuketisha. Akatuonyesha kwamba kila kinachotolewa hupangwa kwa utaratibu wa kutoka kwake, kwani kilichotoka mwisho ndicho kitakachorudi kwanza. Kwa muda wa juma zima alikwenda kazini kwa miguu, hadi fundi mmoja wa chini ya mwarobaini alipotupatia gololi tatu kuukuu. Juma lile lilitufundisha kuliko fimbo. Kila alfajiri tulipousikia mlango ukifungwa bila mlio wa kengele, tulijua thamani ya gololi moja.

Ama kuhusu kompyuta, habari zake katika nchi yetu ni ndefu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya gharama kubwa na matatizo mengi, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini mashine hizo bila kibali. Wakati baba alipokuwa akihesabu gololi, watoto wa nchi nyingine walikuwa karibu kuanza kuchezea kompyuta sebuleni mwao. Mwaka 1982 iliuzwa Uingereza mashine ndogo iitwayo ZX Spectrum, na mwaka huohuo Marekani ilitoa Commodore 64, ambayo jina lake latokana na kilobaiti 64 za kumbukumbu yake. Mashine hizo ziliunganishwa na televisheni ya nyumbani, na mtoto aliandika maagizo yake mwenyewe, mstari baada ya mstari. Huku kwetu Tanzania Bara hata televisheni ilikuwa bado. Vituo vyake vilianza mwaka 1994. Tusiwacheke wazee wetu kwa uamuzi wa 1974. Walikuwa wakilinda hazina ndogo ya nchi changa. Lakini ni kweli pia kwamba kizazi chetu kilikutana na kompyuta ukubwani, ofisini, ikiwa imefunikwa kitambaa na kuwekewa onyo la kutoguswa. Tukajifunza kuiogopa kabla ya kujifunza kuitumia.

Hofu hiyo tuliileta nyumbani. Mwaka 2007 tulinunua kompyuta ya mtumba kwa akiba ya miezi mingi, tukaiweka chumbani, nasi tukaifunika kitambaa. Binti yetu aliletewa na mwalimu wake diski yenye programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ile iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulipoona mashine ikituamkua kwa lugha tunayotungia mashairi, hofu ilipungua kidogo. Usiku baada ya usiku tulinakili humo mashairi yetu 62, kazi ya miaka kumi na moja. Madaftari yenyewe yalikuwa yameliwa na mchwa. Tulipokwisha kunakili tuliyatupa.

Katika miaka hiyo baba alikuwa mzee, anaishi nasi, na miguu yake haikuweza tena kupanda baiskeli. Binti yetu naye alikuwa ameingia kidato cha kwanza, na kila asubuhi makonda wa daladala walimsukuma mlangoni kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Alichelewa, akaadhibiwa, akalia. Ndipo babu yake aliposema mtoto apewe Phoenix. Mama yake alikataa. Alisema magari ya jiji hayana huruma, na majirani watasema nini wakimwona mwanamwali juu ya baiskeli. Mzee akajibu kwamba majirani hao hawamlipii daladala. Hata hivyo aliweka sharti: asiyejua kuifungua na kuifunga, asiipande. Jumamosi nne babu na mjukuu walikaa uani na sinia lilelile. Alimfundisha kuziba tyubu kwa kuizamisha katika beseni la maji na kufuata mapovu hadi kwenye tundu. Alimwambia: “Usianze na unachokidhani. Anza na unachokiona.” Mwezi uliofuata binti alishika njia, akawahi shule.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Mwanzoni mwa mwaka 2009 kompyuta ilianza kuzimika yenyewe. Sisi tulisema ni joto la Dar es Salaam, tukaisogeza karibu na dirisha. Jumamosi moja tulirudi kutoka kikaoni tukaikuta sebuleni juu ya mkeka, kifuniko kimetolewa, nyaya nje, na binti yetu ameinama juu yake na bisibisi mkononi. Tuliona mashairi 62 yakimwagika mchangani kama gololi. Tulimnyang’anya bisibisi mbele ya babu yake, tukamwambia neno ambalo mzazi hapaswi kumwambia mtoto: kwamba mikono yake huharibu kila inachokigusa. Hakujibu. Kwa siku tatu alitusalimu shikamoo, nasi tukaitikia kwa mguno.

Siku ya nne tuliifunga mashine ile kwa kamba tukaipeleka kwa fundi Kariakoo. Fundi aliitazama, akauliza: “Mzee, diski yenyewe iko wapi?” Miguu ilitulegea. Yeye akaendelea kuchungulia, kisha akatuonyesha vifaa vidogo kama makopo, viitwavyo kapasita, ambavyo kazi yake ni kutuliza umeme usiyumbe ndani ya mashine. Vilikuwa vimevimba vichwa kama maandazi, na kimoja kilikuwa kimevuja. “Hii inaumwa siku nyingi,” akasema. “Umeme ukikatika hovyo wakati diski inaandika, maandishi yaweza kuharibika. Aliyeitoa diski amefanya jambo la maana.”

Tulirudi nyumbani, tukamkuta baba barazani. Kabla hatujafungua kinywa alituuliza: “Siku ile, uliliona sinia?” Hatukuliona. Tuliingia chumbani kwa binti yetu. Juu ya kabati lilikuwapo sinia la bati, limetandikwa kitambaa cheupe. Skrubu zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, kila moja juu ya kipande cha karatasi chenye namba, na pembeni ilikuwapo diski, imefungwa katika leso safi. Mtoto alikuwa ameliona lile ambalo sisi tulilidhani kuwa joto. Alikuwa ameyaokoa mashairi ya baba yake, na kwa ujira wa kazi hiyo tukamvunjia heshima mbele ya babu yake.

Kwetu si kawaida mzazi kumwomba mtoto radhi. Wengi huogopa kwamba wakifanya hivyo watashuka. Tulikaa muda mrefu na diski ile mkononi. Hatimaye tulimwita barazani, palepale alipokuwapo mzee, kwa kuwa neno lililotiwa mbele ya mtu halifai kuondolewa pembeni. Tukasema: “Nisamehe, mama. Umefanya vizuri, nami nimekosa.” Alitazama chini, kisha akasema: “Nimekwisha kusamehe, baba. Lakini bisibisi yangu naiomba.” Mzee alicheka hadi akakohoa. Mashairi yote 62 yalihamishiwa katika mashine nyingine salama, na tangu siku ile huyaweka mahali pawili.

Baba alifariki mwaka 2013. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 2012, Waingereza walitoa kompyuta ndogo sana iitwayo Raspberry Pi, inayotosha kiganjani na isiyo na kifuniko, kwa bei ya dola 35. Waliifanya rahisi na wazi makusudi, kwa kuwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliona vijana wanaofika chuoni wanajua kutumia kompyuta lakini hawajapata kuichokonoa, kama walivyofanya wale waliokua na mashine za 1982. Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mzee na sinia lake. Kumbe ugonjwa si wetu tu. Chombo kinapofungwa pande zote, na mwenye nacho akaridhika kukitumia bila kukijua, watoto wa taifa lolote hugeuka wageni wa vyombo vyao wenyewe.

Binti yetu leo ni mwalimu wa hisabati. Njia aliyoipita shuleni imebadilika: tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendo kasi yanapita Barabara ya Morogoro, na kando yake imetengwa njia ya baiskeli, ijapokuwa pikipiki na meza za wauzaji huisahau mipaka yake. Akija kutuamkua siku za Jumamosi, watoto wa mtaani humletea vitu vyao uani: baiskeli iliyokatika mnyororo, redio iliyonyamaza, kompyuta isiyowaka. Hawatengenezei. Huwauliza kwanza wanaona nini.

Kwa walimu tungependa kutoa ombi moja. Chumba cha kompyuta shuleni kisiwe mahali pa kukatazwa tu. Mashine moja mbovu, isiyochomekwa umeme, iwekwe mezani ili wanafunzi waifungue, wazitaje sehemu zake kwa Kiswahili, kisha waifunge. Watakosea, na baadhi ya skrubu zitapotea. Kwa wanafunzi tunasema: ombeni ruhusa, zimeni umeme, tafuteni sinia. Na wazazi wenzetu tukirudi nyumbani tukakuta kitu kimefunguliwa, kabla ya kukemea tutazame kwanza kimepangwaje.