Msitu Unaonyamaza: Habari kutoka Kindu

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, umekaa kwenye ukingo wa magharibi wa mto Lualaba. Hapa reli itokayo kusini hukoma, na safari ya kwenda Ubundu huendelea kwa maji. Bidhaa za kila namna hufika mjini; nayo nyama ya msituni hufika, imekaushwa kwa moshi na kufungwa juu ya baiskeli.

Ndugu msomaji, ingia katika msitu uliowindwa sana, nawe utastaajabia kimya chake. Wanyama wengi wamekwisha, lakini waliosalia wamejifunza. Kima, ambaye kwa desturi hupiga kelele amwonapo tai au chui, amwonapo mwindaji hunyamaza na kujibanza majanini, maana bunduki hufuata sauti. Tembo naye huacha kula mchana, akatoka usiku. Huko Maniema aliandamwa kwa ajili ya pembe zake tangu enzi za Tippu Tip.

Wala jambo hili si la Kongo tu. Mwaka 2018 wataalamu walilinganisha habari za aina 62 za wanyama kutoka mabara sita, wakaona kwamba penye shughuli za watu wanyama huhamishia maisha yao usiku.

Je, hofu hiyo ni maumbile yao? La! Katika msitu wa Goualougo, Kongo-Brazzaville, sokwe ambao hawakuwahi kuwindwa hawakuwakimbia watafiti. Waliwasogelea wakawakodolea macho. Basi hofu ni somo, na mwalimu wake ni sisi.

Magharibi ya Kindu, kwenye mto Lomami, serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Lomami mwaka 2016. Humo wamo okapi, tembo, na lesula, kima ambaye wenyeji walimjua siku zote, ila wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 2012 tu. Wakilindwa kwa kweli, watoto wetu watasikia tena sauti za msitu.

Lakini ulinzi hauanzii kwa askari wa hifadhi, huanzia jikoni. Familia yenye kuku, bata au bwawa la samaki haihitaji kununua kima sokoni. Muumba alimkabidhi mwanadamu viumbe avitunze, kama Papa Fransisko alivyotukumbusha katika waraka wake wa mwaka 2015. Mtunzaji mwema hakimbiwi na alivyokabidhiwa.